Fundi wa Baba

Injini ya gari la baba niliifungua mwenyewe, mbele ya nyumba yetu huku Eastlands, nikaitandaza juu ya gunia kama mchuuzi wa mitumba. Ilikuwa imechemka hadi kichwa chake kikapinda. Mama alitaka tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nikakataa. Baba alikuwa ameanza kunisahau, nami nilijiambia kwamba akiisikia injini hiyo ikiwaka tena, atanijua. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini yangu yote, na hata hayo hayakunisisimua. Siku zile hakuna kilichonisisimua.

Mimi huuza vitambaa Eastleigh. Ufundi nilifunzwa na baba, mstaafu wa reli, kila Jumamosi ya utoto wangu, huku akilalamika kwamba nashika spana kama kijiko cha uji. Neno fundi aliwawekea watu wengine. Mimi nilikuwa "wewe". Wewe, leta taa. Wewe, umekaza au umepapasa?

Siku ya kufunga pampu ya maji alitoka na kiti chake cha plastiki, akaketi kando yangu. Jirani akapita na mtungi.

"Niaje! Kumbe umerithi gereji? Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

Nikacheka kwa mdomo tu.

Baba akaichukua pampu mpya niliyonunua, akaizungusha karibu na sikio, kisha akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ya fedha ikabanduka. Chini yake kulikuwa na kutu.

"Hii ni kama nyanya mzee amepakwa poda," akasema. "Rudisha."

Nilirudisha. Nikagombana na muuzaji bila hata kukasirika, nikaja na nyingine. Baba akaizungusha, akaridhika. Nikakwangua gasketi ya zamani, nikaweka mpya, nikaanza kukaza bolti moja moja kwa zamu.

"Hako kashimo ka chini usikazibe na silikoni," akasema. "Maji yakianza kutoka hapo, jua pampu inaaga."

"Sawa, mzee."

Akanitazama kwa heshima nisiyoizoea.

"Fundi, hii kazi ulifunzwa na nani?"

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu nikiwa mtoto. Lilipokuja sikuhisi chochote, ila ubaridi wa spana mkononi.

"Na babangu."

"Alikufunza vizuri. Mimi pia niko na kijana. Yule ana mkono mzuri kukushinda." Akacheka kidogo. "Lakini sikumwambia. Angevimba kichwa."

Nikainamia bolti ambayo tayari ilikuwa imekazwa, nikaikaza tena.

Wiki iliyofuata injini ilirudi mahali pake. Niliwasha, ikaguna, ikashika. Baba alisimama kando ya mlango wa dereva, akafumba macho na kusikiliza hadi akatabasamu. Nikamtazama usoni, nikangoja. Akaingiza mkono dirishani, akazima, akachomoa ufunguo. Nilipotoka akauweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake, na hapo, baada ya miezi ya ganzi, nikaumia.

"Asante, fundi. Kijana wangu akija, mpatie hii. Usipatie mtu mwingine."

"Nitampatia, mzee."

Akaenda kukigeuza kiti chake kikaelekea lango, akaketi kumngoja.