Wembe Kwenye Karatasi ya Matokeo

Asubuhi niliyoshika wembe nikakwangua karatasi yangu ya matokeo naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na babu yako asinisikie. Mvua ilikuwa imekatika, watu wote wa nyumba wameshuka bondeni kupanda mpunga karibu na Ruvuma, mimi nimebaki peke yangu kwa kusingizia tumbo. Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu mama yako ameniambia tangu matokeo yatoke umejifungia chumbani, huli, husemi na mtu, na fomu ya chuo cha uganga umeiacha mezani haina hata jina. Basi kaa hapo, kula hiyo mihogo, unisikilize. Na usinikatize, maana nikikatizwa nasahau nilipofika.

Miaka ile uhuru tulikuwa tumeshaupata, lakini ng'ambo ya mto vita vilikuwa bado vinaendelea, na watu walikuwa wanavuka kila wiki na watoto mgongoni. Msichana wa kijiji chetu cha Mahurunga kufika kidato cha nne lilikuwa jambo la kushangaza watu. Mimi nilifika. Nikaomba chuo cha waganga wasaidizi, wale wanaotibu huku vijijini daktari asikofika, na moyo wangu wote ulikuwa huko.

Sasa kwetu, unajua, mjomba ndiye mwenye neno. Baba yangu alikuwepo, mtu mpole, lakini shauri la mimi kusoma au kuolewa lilikuwa la Mjomba Athumani, kaka yake mama. Mjomba alikuwa na mikorosho mingi na mdomo mwingi kuliko mikorosho. Nilipomaliza mtihani tu, karatasi hazijasahihishwa bado, alichinja mbuzi wawili, akamwita shehe kutoka Ziwani, ikasomwa dua. Shehe akainua mikono akamwomba Mola amhifadhi daktari wetu, watu wakaitikia amina. Tangu siku hiyo sikuitwa Somoe tena. Daktari, hebu njoo uone jipu hili. Daktari, huyu mwenzio anakohoa. Nilikuwa nacheka nao, lakini ndani naogopa, kwa sababu mtihani wa fizikia nilijua mwenyewe nilivyouandika.

Na lilikuwepo jingine. Mwenye duka mmoja wa Mpapura alikuwa ameshaleta posa. Mjomba alimjibu asubiri, mtoto akikosa chuo watazungumza. Kwa hiyo karatasi ile ndiyo iliyokuwa inaamua kama nitakwenda chuoni au nitakwenda Mpapura kupima sukari.

Ikaja. Daraja la tatu. Bayolojia nzuri, kemia ya kusukumasukuma, fizikia usiniulize. Sikufeli, wala sikufaulu kwa kutamba. Katikati tu, kama wewe. Na barua ya chuo ikaja siku hiyo hiyo, inaniita usaili Mtwara mjini Jumanne ijayo, niende na karatasi hiyo mkononi.

Mjomba alinikuta nayo uani. Akauliza, "Umepita?"

"Nimepita, mjomba."

"Umepita juu?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa amesimama karibu nami, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza, yeye alisoma Kurani tu, alikuwa anaitazama akitegemea macho yangu. Nikasema, "Juu, mjomba." Akaenda zake anaimba.

Daraja siku zile liliandikwa kwa namba za Kirumi. Daraja la tatu ni vijiti vitatu vimesimama. Ukikiondoa kimoja, vinabaki viwili, umekuwa mtu wa daraja la pili. Nililala na wazo hilo siku mbili. Siku ya tatu nikachukua wembe wa baba wa kunyolea, nikaiweka karatasi juu ya sanduku, nikaanza kukwangua polepole. Kijiti kikafifia. Nikasema niongeze kidogo tu. Karatasi ikatoboka.

Tundu lenyewe lilikuwa dogo, halizidi punje ya mtama. Lakini mwanangu, nililitazama tundu lile nikajua halifichiki. Ilikuwa Jumamosi. Siku tatu tu zimebaki.

Nikakimbilia zahanati kwa Mzee Selemani. Huyu alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa, hakusoma sana, lakini alikuwa na mhuri wa serikali, na mimi nilikuwa nautaka huo mhuri. Nilipanga aniandikie barua kwamba karatasi imeliwa na mchwa. Nilimkuta amezungukwa na watu waliovuka mto, wengine wamelala chini kwenye mikeka, ukumbi wote unanuka usaha na dawa. Nikamweleza haja yangu huku anafunga mguu wa mtu. Hakuinua kichwa. Alipomaliza akanawa, akaichukua karatasi akaielekeza dirishani.

"Mchwa wa wapi hawa," akasema, "wanakula kijiti kimoja viwili wanakuachia?"

Akanirudishia karatasi, akanipa kipimajoto, akanionyesha mtoto aliyekuwa amebebwa na mama yake pale mlangoni. Nikampima. Vipimajoto vyetu vya wakati ule vilikuwa vya hesabu ya Kiingereza, mtu mzima wa afya yuko tisini na nane. Mtoto yule alikuwa mia na tatu, anaunguza hata kumshika.

"Andika tisini na nane," Mzee Selemani akaniambia, akanisogezea kalamu na kadi.

"Babu, huyu ni mia na tatu."

"Nimesikia. Mama yake ametembea siku mbili, amechoka. Ataona aibu kusikia mwanawe mgonjwa hivyo mbele za watu. Andika tisini na nane afurahi."

Nikashika kalamu. Mkono haukwenda. Akaniuliza mbona siandiki. Nikamwambia nikiandika hivyo mtoto hatapewa dawa, atakufa. Akanitazama, mwanangu, na mimi nimeanza kulia bila kujijua.

"Kumbe unajua," akasema. Akaninyang'anya kalamu, akaandika mia na tatu kwa mkono wake, akaenda kuchukua dawa. Aliporudi aliongea taratibu, hakutaka wengine wasikie. "Kadi ya mgonjwa na karatasi yako mimi naona ni kitu kimoja. Mkono ukishazoea kukwangua moja, na nyingine utaikwangua. Mhuri wangu hupati. Nenda Mtwara na tundu lako, ukawaambie limepatikanaje."

Nilimchukia. Nakwambia kweli, nilirudi nyumbani namlaani mzee wa watu njia nzima.

Jumanne alfajiri nikapanda lori la magunia ya korosho. Njia ilikuwa matope matupu, mara mbili tumeshuka kusukuma, na kila lilipokwama nilikuwa naomba likwame moja kwa moja. Halikukwama. Nilifika gauni limechafuka hadi magotini, nikakaa kwenye benchi na wenzangu wengi, wavulana watupu isipokuwa mimi na mmoja mwingine. Nilikuwa nimeshaupanga uongo wa mchwa, nimeurudia kichwani mpaka unasikika kama kweli.

Ndani walikuwa watatu, mganga mmoja mwenye mvi, sista wa wauguzi, na bwana mmoja wa elimu. Mganga akapokea karatasi, akaipitisha kidole, kidole kikasimama kwenye tundu.

"Hapa pamekuwaje?"

Neno mchwa lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sijui lilirudije. Nikasikia sauti yangu inasema, "Nimekwangua mwenyewe kwa wembe. Palikuwa na daraja la tatu, nikataka liwe la pili."

Sista akaacha kuandika. Yule mganga akafungua jalada, akatoa orodha, akanigeuzia niione. Jina langu lilikuwepo, na daraja langu mbele yake, vijiti vyote vitatu. Walikuwa nayo tangu wiki iliyopita.

"Unawaona wale walioko nje?" akasema. "Wengi wao wana daraja la tatu. Bayolojia yako ni nzuri kuliko ya wengi wao. Tungekuchukua, binti."

Hapo ndipo nilipoumia. Si kwa kukosa. Kwa kusikia kwamba nilikuwa natosha vile vile nilivyokuwa.

Akaendelea kusema kwamba mwaka ule hawezi kunipokea, lakini kwa kuwa nimesema kwa kinywa changu hatalipeleka jambo mbele. Nirudi mwakani, na barua ya mtu aliyeniona nikifanya kazi. Nikashukuru, nikatoka. Yule msichana mwenzangu akaniuliza vipi, nikampita nikaenda kutafuta lori la kurudi.

Safari ya kurudi sikusikia matope wala njaa. Nilikuwa namwona Mjomba Athumani tu, na Mpapura nyuma yake. Nilimkuta kibarazani anatia mpini jembe. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza yote tangu lile neno "juu" nililomwambia uani mpaka tundu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaweka jembe chini, akaingia ndani, hakula. Siku mbili hakunisemesha. Mama alikuwa analia jikoni, anajua kitakachofuata ni kuniandalia vyombo vya harusi.

Ijumaa, baada ya sala, Mjomba akasimama msikitini mbele ya wale wale waliokula mbuzi wake. Mimi sikuwepo, baba ndiye aliyenisimulia. Alisema, "Somoe amekosa chuo. Alifaulu wastani, akaona haya, akaharibu karatasi yake. Haya hizo nilimtia mimi. Nilitangaza mtoto ni daktari kabla hajapewa majibu, akakosa pa kurudi. Mtu asimcheke. Atakayecheka anicheke mimi." Akakaa. Mjomba yule, mwanangu, aliyekuwa hajawahi kukubali kosa hata la mbuzi wake kuingia shamba la mtu.

Mwenye duka wa Mpapura akaambiwa atafute kwingine. Mimi nikaenda kwa Mzee Selemani kunawisha vidonda mwaka mzima, nikamwomba radhi kwa kumlaani, akacheka tu akaniambia nikachote maji. Mwaka uliofuata nilirudi Mtwara na daraja lile lile na barua yake. Nikapokelewa.

Sasa wewe. Umepata wastani. Mimi sikwambii kwamba wastani ni kitu kikubwa, nitakuwa nakudanganya, na wenye alama za juu watatangulizwa, hilo lijue. Lakini hiyo ndiyo yako, ibebe kama ilivyo. Leo kabla ya magharibi ijaze ile fomu, alama uziandike zote, hata ile ya fizikia. Wakikuuliza mbona iko hivi, waambie ulishindwa wapi na unafanya nini sasa. Wasipokuchukua, uliza kozi nyingine inayopokea alama zako, au kaombe kusaidia zahanati ili mwakani uwe na mtu wa kukusemea. Na baba yako mwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa jirani. Anatangaza sana, najua, amerithi kwa Mjomba Athumani. Atakasirika, atapoa.

Mimi nimetibu watu mpaka nikastaafu, na daraja la tatu halikunikosesha kitu hata siku moja. Kulionea haya ndiko kulikonikosesha mwaka mzima, na nusura kunikoseshe maisha yangu yote.

Haya, inuka. Mola akupe moyo wa kusema kweli mbele ya wakubwa, akuwekee watu wema mezani watakapokuita, na kila mgonjwa utakayemshika apone mkononi mwako. Nenda kalete kalamu.