Zizi la Trekta

Ka! Kimya kidogo. Halafu ka! tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, chini ya upenu, napepeta mchele. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha na msiba wa bibi ulikuwa siku ya pili. Mtu aliyekulia kwetu anaijua sauti ya shoka kwenye kuni zilizolowa. Inazama, dup, kama unapiga godoro. Hii haikuzama. Ilikuwa sauti ya mbao kavu, mbao iliyokaa chini ya bati miezi, inapasuka kwa urefu wake bila ubishi. Na kwenye kaya yetu nzima, mbao kavu zilikuwa mahali pamoja tu.

Niliuweka ungo chini nikakimbia bila viatu.

Lakini ngoja kwanza. Nisipoeleza habari ya trekta, utadhani nilikasirikia kuni.

Trekta letu lilikuwa ng'ombe wa bibi. Aliuza ng'ombe wake karibu wote, wale walioachwa na babu na wale aliowakuza mwenyewe, baba na baba mdogo wakaongezea wachache wa kwao, likanunuliwa trekta jekundu kuukuu kwa mtu wa Migato. Siku lilipofika bibi alilizunguka, akalipiga kofi ubavuni kama anavyompiga ng'ombe anayeziba njia, akatoa sharti mbele ya wanawe wote wawili.

"Ng'ombe zangu hazijawahi kulala nje ya zizi. Na hili halitalala nje. Litakaa kwa atakayelijengea."

Baba akasema sawa. Baba mdogo, anayeishi Mwamapalala, naye akasema sawa. Halafu mwaka mzima hakuna aliyejenga kitu. Trekta likakaa kwetu kwa sababu tu ndipo lilipozimiwa, kando ya ua wa minyaa, limefunikwa turubai. Kuku wakatagia kwenye kiti. Mbuzi wakakila kiti chenyewe. Panya wakala nyaya, na siku mvua ya kwanza ilipokata, siku ambayo kila mwenye shamba anataka kulimiwa leo leo, letu likakataa kuwaka, tukawa tunaangalia matrekta ya wenzetu yanapita barabarani.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalikuja kama yalivyokuja, tusiyazungumze. Ila ndoto nilikuwa nazo nyingi, tena za bure. Nilijiona nina matrekta matatu, nina kibao barabarani, wakulima wananipigia simu, nami nawajibu kwa madaha, "Subiri, niko Ngulyati, kwako kesho." Baba alikuwa amenifundisha kuendesha shambani, nageuza vizuri kuliko yeye. Basi nikamfuata.

"Baba, nikilijengea banda, nitalishika mimi?"

Akacheka. Halafu akaona sicheki. Akasema, "Ukilijengea na vifaa vyake vikapangika, msimu ujao ufunguo utakaa kwako."

Bibi alikuwa pale. Alisikia.

Nilijenga. Si peke yangu, fundi alikuwepo, na baba alitoa mabati. Nguzo zilikuwa za mikaratusi, nilizipaka oili chafu miguuni ili mchwa wasizitamani. Sakafu tulishindilia moramu, maana udongo wetu mweusi ukilowa unameza buti na mguu uliomo. Fundi alitaka kupima mlango kwa hatua zake, trekta likiwa peke yake. Nikamwambia apime likiwa limebeba plau mgongoni, kwa sababu plau ya disiki inachomoza pembeni.

"Binti," akasema, "unajengea trekta au unajengea bwana harusi?"

"Bwana harusi atasubiri nje, fundi. Hashiki kutu."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matofali. Lakini alipima nilivyosema.

Kilichonichukua muda ni rafu. Mbao sikuwa nazo. Nikaenda kuchuma pamba kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kupasua magogo, nikamwambia asinipe kitu kingine, anipe mabanzi, yale maganda ya gogo yanayotupwa pembeni. Nilichuma mpaka vidole vikachanika. Nikayabeba kwa baiskeli, machache machache, kila safari nasukuma zaidi ya ninavyopanda. Nikayaranda mwenyewe. Spana nikazining'iniza kwa ukubwa. Plau na haro ya kuvunjia mabonge nikazikalisha juu ya magogo zisiguse chini. Nati na bolti nikaziweka kwenye makopo ya rangi, na kila kopo nikalifunga kwa waya nati moja kwa nje, ili hata bibi asiyejua kusoma aone kilichomo. Dawa za kupulizia pamba zilikaa juu kabisa, kwenye rafu yao peke yao, mbali na kuku na watoto. Kopo moja lilivuja, ubao ukanywa dawa mpaka ukabadilika rangi. Nikaandika juu yake kwa rangi nyekundu: DAWA, USIGUSE.

Bibi alikuwa anakuja kila asubuhi na fimbo yake. Anasimama mlangoni, anakagua kama mtu anayehesabu ng'ombe, halafu ananiita kwa Kisukuma, "Mayu," mama, ananiamkia mimi kwanza kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Baba alinipa ufunguo mbele yake. Nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Wiki mvua zilipoanza, bibi akafariki.

Watu walikuja wengi. Alikuwa mtu wa watu. Turubai la kukodi halikutosha na lilivuja, na wanaume hawana mahali pa kulala. Baba akaniangalia tu, wala hakuomba. Nikaingia, nikawasha trekta, nikalitoa mwenyewe. Nikalifunika. Kwa bibi ningetoa hata kitanda changu, na kwa kweli nilikitoa. Plau, haro, makopo, vyote tukavisogeza ukutani, wakatandika majani na mikeka. Sikuwa na kinyongo hata kidogo. Naomba hilo lieleweke.

Sasa turudi kwenye shoka.

Nilipofika bandani nilimkuta baba mdogo. Si kijana aliyetumwa, si jirani asiyejua. Ni yeye, shati limelowa mgongoni, macho mekundu ya kulia, ameweka rafu yangu mguuni anaipasua. Mbili zilishakwisha. Spana zilikuwa zimerundikwa chini, makopo yamepinduliwa, nati za kila namna zimechanganyika kwenye matope ya mlangoni kama mahindi ya kuku.

"Ba'mdogo, hizo ni rafu."

"Kuni zote zimelowa, mwanangu."

"Ni rafu za vifaa, ba'mdogo. Mimi ndiye niliye..."

"Watu waliokuja kumzika mama yangu walale na njaa?"

Akaendelea kupasua. Na kibaya zaidi, kinachonifanya niume meno hata ninapoandika hapa, ni kwamba shangazi aliniita kutoka jikoni, "Bhebhe! Wewe! Leta kuni hizo, maji yanapoa!" Nami nikainama. Nikazikusanya. Nikazibeba mikononi mwangu mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya lile sufuria kubwa, nikawa nazisukuma motoni moja moja. Ubao huu uliniumiza kidole kuuranda. Huu ulibeba mafilta. Ziliwaka vizuri sana. Shangazi akasifu, "Eee, hizi ndizo kuni."

Halafu nikaona herufi nyekundu. DAWA, ilibaki hivyo, USIGUSE imeshapasuliwa. Kipande hicho kilikuwa tayari motoni, sikukisukuma mimi, na ule moshi wake nikaujua kwa pua kabla ya macho. Nikaingiza mkono nikakivuta.

"Hiki hapana! Kina dawa ya pamba! Kipande kingine kiko wapi?"

"Dawa gani? Kuni ni kuni," akasema shangazi.

"Ya kuulia wadudu! Kimeandikwa! Tutawalisha watu sumu!"

Nikakitupa kwenye matope, nikaanza kuvuruga kuni zote zilizobaki natafuta kipande chake cha pili, kiganja kinawaka, napiga kelele. Nilikipata. Nikakirusha nacho. Wanawake walikuwa wamesimama wananiangalia. Nikasikia mmoja anasema taratibu, "Uchungu umemchanganya." Mwingine akacheka kidogo, kile kicheko cha kuziba mdomo. Baba mdogo akaja na shoka lake.

"Unanyang'anya kuni kwenye moto wa msiba?"

"Soma, ba'mdogo. Nimeandika hapo."

"Aa, msomi," akasema, akageuka akaenda zake.

Watu wakala, wakashiba, hakuna aliyeumwa hata tumbo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku ya nne kikaitishwa kikao cha ukoo cha kumaliza msiba. Wanaume walikaa kwenye viti, ndani ya banda langu. Nilikuwa nagawa uji. Yaliongelewa mengi, shamba, ng'ombe wachache waliobaki, nguo za marehemu. Mwisho baba mdogo akasimama, akavua kofia.

"Mama aliacha neno," akasema. "Wote mnalijua. Mali yake isilale nje. Sasa mimi nimekaa hapa siku tatu, naliona trekta la mama linanyeshewa. Banda lenyewe ndilo hili, tazameni, vifaa viko chini, matope, hakuna mpango. Naona niende nalo Mwamapalala."

Nilidhani sijasikia sawasawa. Nikamtazama baba. Baba alikuwa anaangalia uji wake kana kwamba kuna kitu kimeanguka ndani.

Nikaweka jagi chini.

"Lililala nje kwa sababu nyie mlilala ndani, ba'mdogo. Na rafu ulizipasua wewe."

Mzee mmoja akakohoa. Nakuambia, kwa muda mfupi ule nilijua nimeshinda, maana hakuna mtu bandani mle ambaye hakujua kwamba ni kweli. Baba mdogo hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Aliniinamia kwa sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyepigania ubao juzi, kaburi la mama yangu bado bichi. Nikuulize mbele ya wazee hawa. Kilichokuuma ni bibi, au ni mbao?"

Mmh, wakasema wazee.

Machozi yakanitoka. Nilitaka kusema bibi na mbao havikuwa vitu viwili. Nilitaka kusema yeye alikuja kumwona mama yake mara ngapi, na mimi niliamkiana na bibi kila asubuhi mlangoni hapa. Nilitaka kusema mwaka mzima alikuwa wapi na zizi lake. Nina majibu kama kumi sasa, mazuri, makali, nayasema peke yangu nikiwa napalilia. Siku ile sikuwa na hata moja. Nililia, na kulia kwangu kukachukuliwa kuwa jibu. Na najua alimpenda mama yake, nilimwona kaburini ameshikwa na watu wawili asianguke. Ndiyo maana nashindwa hata kumchukia sawasawa, na hilo nalo linanikasirisha.

"Liende," akasema baba. Hakuinua uso. "Mpe ufunguo."

Nikafungua pindo la kanga. Sikumpa baba mdogo, nilimpa baba kiganjani, yeye ndiye akaupitisha. Dereva aliyekuja naye akaliwasha, likakubali mara ya kwanza, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nalitunza. Likapita langoni limebeba plau. Wakaacha haro, walisema watakuja kuichukua.

Baadaye nikamkuta baba anaosha mikono kwenye pipa.

"Kwa nini hukusema, baba? Uliniahidi."

"Tungegombana juu ya kaburi la mama?"

"Mimi nimegombana."

Akakung'uta mikono, akaingia ndani. Nimemsamehe mambo mengi baba yangu, hilo bado.

Mama akaniita nikale. "Hasira itakuua, mayu. Njoo unywe uji." Nikamwambia nitakuja. Mvua ilikuwa imekatika mchana, wageni wa mwisho wameondoka, kaya imekuwa kubwa ghafla. Nilienda kule kulikokuwa na mafiga ya msiba. Jivu lilikuwa limelowa juu, ndani bado lina joto. Nikachuchumaa, nikaingiza mkono ule usioungua, nikapekua mpaka nikagusa msumari wa rafu zangu. Ulikuwa umepinda na umekuwa mweusi wa bluu. Msumari uliopita motoni unalainika, fundi yeyote atakuambia hauna kazi tena. Nikauweka juu ya figa nikaugonga kwa jiwe mpaka ukanyooka. Nikaingiza mkono kutafuta mwingine.