Hodi Katika Mji Ulioachwa

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwanamke mpole wa hapa hapa Uccle, mtaa wa Brussels, huchoma majani makavu kila anapogombana na mumewe. Husema moshi wake unasafisha nyumba. Moshi huo hupanda ngazi, ukapenya chini ya mlango wangu, na mimi, nikiwa katikati ya kupiga pasi au kukaanga vitunguu, husimama ghafla. Ni harufu kavu, chungu, inayokaa nyuma ya koo kama dawa ya kifua. Nikiivuta tu, Brussels na mvua zake inatoweka, nami ni mtoto wa miaka tisa tena, nimesimama Idaho, Marekani, kwenye mlima usio na watu, namtafuta mama yangu.

Nieleze kwanza tulifikaje huko. Mama yangu, Furaha, na mdogo wake, Zawadi, walizaliwa kijiji kimoja cha Kivu. Walikimbia vita pamoja, wakalala kambini chini ya turubai moja, halafu makaratasi yakawatenganisha: mama akapata Ubelgiji, mdogo wake akapata Marekani. Mimi nilizaliwa Koekelberg, hapa Brussels. Mama mdogo Zawadi kwangu alikuwa sauti ya simu ya Jumapili na picha za theluji. Mama alipopata pasipoti, jambo la kwanza alilolitaka ni kumshika mdogo wake kwa mikono. Tukaenda mwezi wa Julai.

Uwanja wa ndege walikumbatiana mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Mume wa mama mdogo, niliyemwita tonton Désiré, alifanya kazi kiwanda cha jibini. Alikuwa ameapa uraia mwaka ule, na kwa maoni yake mtu hawezi kukaa katika nchi kama mpangaji asiyejua jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo alijifunza historia ya Idaho kwa bidii ya mtu anayesomea upadri. Alinunua na kofia pana ya wachunga ng'ombe, iliyomziba masikio. Kila asubuhi alipiga honi mbele ya nyumba. "Bon, kila muntu mu gari! Leo tunaenda kuona histoire!" Na sisi tukaingia, na boksi la barafu lenye samaki na sombe, yale majani ya muhogo, kwa sababu mama mdogo hakuamini kwamba histoire ina chakula.

Tuliona mengi. Tuliona nyumba ya makumbusho ya wachungaji wa kondoo waliotoka milima ya Ulaya, lugha yao haifanani na lugha yoyote, na wajukuu wao bado wanaicheza ngoma yao barabarani. Tuliona mto ambako watu wa asili wa nchi ile walivua samaki kwa mikuki tangu zamani za zamani. Siku nyingine tonton alisimamisha gari katikati ya nyika ya vichaka vya kijivu, vile vyenye harufu ile ya moshi wa jirani yangu, akatuonyesha mifereji miwili ardhini: njia ya mikokoteni ya wahamiaji waliokuja na ng'ombe wao na watoto wao. Magurudumu yalikuwa yameila ardhi, na ardhi haikupona. Tonton alivua kofia. Mama akaangalia mifereji, akaangalia upeo, akauliza, "Na benye inchi, bo balienda wapi?"

Tonton akakohoa, akamwita mama kwa jina langu, kama ilivyo desturi. "Balisukumwa, maman Neema. Kule, na kule."

Mama hakuuliza tena. Nilidhani ameridhika.

Kisha ikaja siku ya mji wa mlimani. Tonton alikuwa ameuweka mwisho, kama nyama chini ya sahani. Barabara ilikuwa ya changarawe, ikapanda ndani ya misonobari mpaka masikio yangu yakaziba. Zamani, alisema, watu wengi waliishi pale wakichimba madini ya fedha. Madini yalipokwisha, waliondoka. Wengine waliondoka kwa haraka, kabla theluji haijafunga njia, na kwa kuwa mkokoteni haubebi kila kitu, waliacha walivyoviacha.

Nilitegemea magofu. Wenzangu, magofu yasingenitisha. Nilikuta mtaa. Nyumba za mbao zilizopauka, zimesimama pande mbili za njia, kila moja na mlango wake, dirisha lake na ngazi zake. Hapakuwa na ndege wala nzi. Hata upepo haukuwapo. Moshi wa sigara ya mgeni mmoja ulipanda wima kama uzi. Bibi mlinzi, mzungu mzee mwenye nywele nyeupe alizozisuka mkia mmoja, alitueleza, tonton akitafsiri, kwamba nyumba haziingiwi. Watu wanatazama madirishani tu.

Nikatazama. Ndani kulikuwa na meza, na juu ya meza sahani, na kando ya sahani kijiko. Kiatu cha mtoto kilikuwa kimelala ubavu chini ya kitanda. Gauni lilikuwa limetundikwa msumarini na lilikuwa bado na umbo la mabega. Halafu nikamwona mtoto amekaa mezani, ananitazama. Nilipiga kelele, tonton akacheka sana: ilikuwa sura yangu mwenyewe kwenye kioo. Lakini hata baada ya kuelewa sikupenda jinsi sura ile ilivyotoshea pale, mbele ya sahani, kama iliyowekewa nafasi.

Niligeuka ili nimshike mama mkono. Hakuwapo.

Mama mdogo Zawadi aliona kabla sijasema. Aliuangalia mtaa mzima, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwa mtu mzima. "Désiré," alisema polepole, "Furaha iko wapi?" Tonton akaenda upande wa kanisa, mwisho wa mtaa, akiita, mama mdogo akaenda upande wa gari. Mimi niliambiwa nisitoke pale. Nilitii kwa muda mfupi. Halafu nikasikia sauti ya mama, nyuma ya safu ya nyumba.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi jamani."

Nikaifuata. Kulikuwa na kichochoro na safu nyingine ya nyumba ndogo ambako wageni hawakufika. Mama alikuwa akienda mlango hadi mlango. Anabisha kwa kidole kilichokunjwa, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi. Anangoja kichwa kimeinama, sikio karibu na mbao. Halafu anaenda mlango unaofuata. Hakuwa na haraka. Hakulia. Nilimwita, hakugeuka, nami nikaogopa kumwita mara ya pili.

Akafika nyumba ya mwisho. "Hodi," akasema.

Nawaambieni nilichosikia, ninyi mtaamua wenyewe. Nilisikia kiti kikisogezwa juu ya sakafu ya mbao, kama anavyokisogeza mtu anayeinuka kumpokea mgeni. Mlango ukafunguka kidogo, upana wa mkono.

Mama akasema, "Asante," akaingia.

Sijui ni nini kilichonipeleka mpaka kizingitini, kwa maana miguu yangu haikutaka. Ndani kulikuwa na baridi ya kisima. Mama alikuwa amekaa kwenye sanduku karibu na ukuta, mikono juu ya magoti, kichwa ameinamisha, jinsi wanavyokaa watu waliokwenda kutoa pole. Mbele yake kulikuwa na kiti kitupu, kimesimama mbali kidogo na meza.

"Ingia, Neema. Usisimame mu mulango. Salimia."

"Nisalimie nani, maman?"

"Salimia."

Nikasema "Jambo" kwa sauti ya panya.

"Huyu njo mutoto wangu," mama alikiambia kile kiti. Halafu akatikisa kichwa kidogo kidogo, kama anayesikiliza habari ndefu. Mwisho akasema, taratibu, "Tulichelewa. Mutusamehe, tulichelewa sana."

Tonton, mama mdogo na bibi mlinzi wakatukuta hivyo. Nilitegemea bibi mlinzi afoke. Hakufoka. Alisimama nje, akamtazama mama, akangoja mpaka mama alipoinuka mwenyewe na kuaga. Kisha akauvuta mlango, na ilimbidi ausukume kwa bega ili ufunge. Alimwambia tonton neno, na tonton hakulitafsiri mpaka tulipokuwa garini. Mlango ule, bibi alisema, umevimba tangu miaka mingi. Yeye mwenyewe hawezi kuufungua bila mtu wa kumsaidia.

Njiani hakuna aliyegusa boksi la chakula. Mama mdogo ndiye aliyesema kwanza, na alikuwa na hasira. "Ilikuwa upepo, Furaha. Tangu zamani nakuambia: ilikuwa upepo."

Mama alikuwa akitazama misonobari. "Sawa, Zawadi."

Nikashangaa nikiwa kiti cha nyuma. Upepo gani? Siku ile hapakuwa na upepo.

Miaka mingi baadaye mama mdogo alikuja Brussels, mimi nikiwa tayari mtu mzima mwenye kazi na funguo zangu. Mama alikuwa amelala chumbani. Sisi wawili tulikuwa jikoni Koekelberg tukichambua maharagwe, na nikamwuliza kuhusu ule upepo. Alichambua mengi kabla ya kujibu.

Walikuwa wasichana, alisema. Risasi zilipoanza, kijiji kizima kiliingia msituni. Baada ya siku chache, njaa na baridi vikawazidi, wao wawili wakarudi kwa siri kutafuta blanketi na chumvi. Nyumba zilikuwa wazi, vyungu bado juu ya mafiga. Zawadi alitaka wachukue na kukimbia. Lakini Furaha alikuwa amelelewa vizuri mno: haingii nyumba ya mtu bila hodi, hata kama mtu hayupo. Akabisha kila nyumba. Kila nyumba kimya. Kwenye nyumba ya mwisho, sauti ikajibu kutoka ndani.

"Karibu."

Sauti ndogo, haijulikani kama ni ya mzee au ya mtoto. Wakati huo huo gari likasikika barabarani. Zawadi akamshika dada yake nguo, akamvuta, wakakimbia mpaka msituni. Hawakurudi tena.

"Nilimuambia ni upepo," mama mdogo alisema. "Mu kambi, mu simu, miaka yote. Donc, ili alale." Aliinuka, akanawa mikono, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akiwa amenipa mgongo, akasema, "Lakini upepo haisemake karibu, Neema."

Ndipo nikakumbuka kwamba katika nyumba yetu, mtu alipobisha, mama hakujibu kamwe. Alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni, kimya, akafungua. Nilidhani ni tabia ya watu wa fleti.

Utotoni, kila nilipoamka usiku na kumsikia mama akitembea sebuleni, niliamini anaogopa wafu, na kwamba siku ile mlimani wafu walikuwa wamempata. Nilimhurumia kwa hofu hiyo. Sasa najua kwamba afadhali angekuwa na hofu hiyo tu. Kama aliyesema karibu katika kijiji kile angekuwa mzimu, mama yangu angelala usingizi wake wote hapa Brussels kwa amani. Kilichomwamsha ni kujua kwamba yule alikuwa mtu hai, mwenye pumzi, aliyesikia hodi, akajibu, halafu akasikia miguu ikikimbia.