Mapafu Alipokwama Ndani ya Suti

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaani wanamwita Mapafu. Jina nilimbandika mimi, na kama majina yote mazuri ya mtaa huu, hakuna aliyenishukuru. Kazi yake ni kuzamia bwawa lililo nyuma ya nyumba zetu kwa pumzi yake mwenyewe, bila mtungi. Watu wanaangusha vitu, yeye anaviokota: funguo, simu, nanga, na siku moja meno ya bandia ya fundi saa, ambaye aliyavaa palepale bila hata kuyasuuza. Mapafu anazuia pumzi dakika nne. Ni sifa kubwa hiyo, ila nyumbani kwake ni mshindi wa pili. Dada yangu anazuia maneno wiki nzima.

Na wiki hiyo alikuwa ameyazuia. Mwenzake Mapafu, yule wa kumlinda akiwa chini, alikuwa amehama, Mapafu akaanza kuzamia peke yake. Sasa mtu akizimia ndani ya maji hawezi kujivuta mwenyewe, lazima awepo mtu juu. Hilo Mapafu amelihubiri mpaka kwa mbuzi. Dada, anayeogelea vizuri kuliko samaki kadhaa ninaowafahamu, akajitolea akae juu yeye. Mapafu akacheka. "Mke wangu, ukae juu ufanye nini? Unisubiri na chai?" Tangu hapo, mdomo wa dada ukafungwa kwa kufuli.

Jumamosi nikawakuta. Dada anakata vitunguu mlangoni pa jiko. Mapafu uani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, bado yuko ndani ya suti yake ya kuzamia, nyeusi tii kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Shemeji, unatoka msibani au ndiyo unaelekea?"

"Niache bwana. Bega limekaza. Mwambie dada yako anivue."

Dada yuko hapo hapo, anasikia kila neno, kisu hakisimami.

"Dada, mumeo anasema..."

"Mwambie aliyemvalisha ndiye amvue."

"Shemeji, dada anasema..."

"Nimesikia! Nilivaa mwenyewe."

"Muulize, majini alikuwa na nani?"

Mapafu akaanza kuangalia mawingu.

Hiyo suti msiione hivi. Ndani haina kitambaa, ni sponji tupu ya raba, na inang'ang'ania ngozi kavu kama mtoto aliyepelekwa shule siku ya kwanza. Kuivaa, unamimina ndani maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na kondishena ya nywele, unaitikisa, unateleza. Kuivua vilevile. Ukiivuta kwa kucha inachanika kama mkate. Dada ndiye aliyekuwa akimvalisha na kumvua, na kwa ajili hiyo kucha zake zote alizikata. Mapafu ana suti hiyo moja tu, na bwawa lile lina baridi ya kuua chura.

Ila mimi ni fundi matairi. Raba ndiyo maisha yangu. Nimebandua matairi ya malori ambayo mafundi wawili waliyakimbia.

"Simama," nikamwambia. "Leo utaona mtaalamu."

Nikakamata pindo la koti, kile kipande cha juu chenye kofia, nikavuta juu. Lilipanda tumboni, likapanda kifuani, likafika mabegani, likagoma. Mapafu akabaki mikono juu, kichwa ndani, tumbo nje, kama mtu anayejisalimisha kwa askari asiyemwona.

"Bega! Taratibu!" Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Nikaweka goti mgongoni kwake, ndivyo kazi inavyotaka. Tukasikia "tss".

"Umechana?"

"Hata kidogo," nikasema, huku nimefunika mahali kwa kidole gumba. "Nikalete chuma changu cha kubandulia tairi?"

"Ukileta hicho chuma nakuua!"

"Basi mkasi. Tunakata kidogo tu pembeni, utagundisha."

Bwana wa dakika nne alikuwa anahema kama mbwa wa mchana. "Kata! Kata tu, bega linang'oka!"

Nikachukua mkasi.

"Weka huo mkasi chini, mpumbavu wewe!"

"Amesema!" Mapafu akapiga kelele humo gizani. "Amesema wa kwanza!"

"Nimesema na mdogo wangu," dada akajibu. "Wewe sijakusemesha."

Alikuja na jagi linalotoa povu, akanisukuma kwa kiwiko. Kwanza akalirudisha koti chini, maana ukikwama unarudi ulikotoka, huongezi nguvu. Akamimina maji shingoni, akapitisha viganja vilivyonyooka kati ya raba na ngozi. Suti ikaanza kulia kama bata. Ikalegea, ikapanda taratibu mpaka ikamfunika uso. Hapo dada akaacha kuvuta.

"Utaenda tena peke yako?"

Mapafu akajaribu kujichomoa mwenyewe, raba ikambana.

"Mke wangu, nitoe kwanza, tutaongea."

"Ukitoka utakuwa Mapafu. Humo ndani ndiyo tunaelewana." "Juzi nilisimama dirishani nakuhesabia. Ukachelewa kutoka. Nikahesabu mpaka namba zikanipotea. Nikajiuliza, nikimbie sasa, au nikifika nitakuta maji tu?"

Mimi nilikuwa na utani wangu mzuri tayari mdomoni. Nikaumeza.

"Siendi tena peke yangu," ikasema ile suti.

"Sikusikia. Raba nene hiyo."

"Siendi peke yangu! Utakaa juu wewe."

Akamtoa mkono mzima kwanza, ukafuata ule wa bega bovu, kisha kichwa kikachomoka kama kizibo. Koti akaligeuza nje ndani, akalisuuza, akalitundika kivulini. Halafu akaona kijichaniko chenye umbo la kucha. Akakitazama, akaitazama kucha yangu.

"Kilikuwepo," nikasema. Mpaka leo ndivyo ninavyosema.

Bega lilipopona nilikwenda ukingoni kuwaangalia. Mwenye boti alikuwa amezamisha injini. Dada alilala juu ya maji, uso chini, miwani ya majini usoni na mrija wa kupumulia mdomoni, hakubandua macho kwa mumewe hata mara moja. Mapafu akaibuka na ncha ya kamba, ameshaifunga injini huko chini, amejaa sifa, anataka kututangazia.

"Pumua kwanza," dada akamwambia, amemshika kidevu. "Tena. Tena. Haya, sasa sema."

Akawa amesahau alichotaka kusema.