Kaka Aliyekataa Mimbari

Kaka yangu alipokuwa mchanga aliugua surua akabaki mifupa mitupu, na mama akamwahidi Mungu: ukimponya, ni wako. Akapona. Basi pale kijijini kwetu Chonyonyo kila mtu alijua huyo ni mchungaji mtarajiwa, na katikati ya miaka ya themanini, alipofikisha miaka ishirini na miwili, wazee wa usharika wakamtafutia nafasi chuo cha Biblia. Mimi mdogo wake nilitembea kifua mbele. Kuwa dada wa mchungaji si mchezo.

Na kuhubiri alijua, usiombe! Akisimama, hata wale wa benchi la nyuma waliokuja kusinzia walikaa wima. Watu wakaanza kumwita majumbani awaombee.

Mwezi mmoja kabla ya kuondoka, jirani yetu, mjane aliyekuja na wanawe kutoka Burundi, alimwita aombee kibanja chake, yaani ile migomba iliyozunguka nyumba. Ilikuwa inaanguka kabla ya kuzaa. Nilikwenda naye. Mjane akatukaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kumpa mgeni, kisha kaka akasimama katikati ya migomba akaomba kwa sauti ile ile ya kanisani. Mjane alilia. Nami nililia. Tukarudi nyumbani tumeshiba sifa.

Mvua zilipoanza, upepo ukalaza karibu nusu ya migomba ile. Kaka alipopata habari alikwenda kuona mwenyewe, akarudi amenyong'onyea, chakula hakugusa. Kesho yake akanieleza. Siku ile ya maombi aliyaona matundu kwenye mashina. Alijua ni kifaurongo, wale wadudu weusi wanaotoboa mgomba kutoka chini, maana tangu utotoni hakuna aliyemshinda kuijua migomba. Akanyamaza, kwa sababu aliitwa kuomba, hakuitwa kulima.

“Niliomba ili nisikike,” alisema. “Na dawa nilikuwa naijua.”

Nikamwambia asijitese, migomba huanguka kila mwaka. Kusema kweli sikuwa namhurumia. Nilikuwa nautetea udada-wa-mchungaji wangu.

Jumapili ya kumuaga kanisa lilijaa, mikungu ya ndizi imepangwa mlangoni. Kaka akasimama, akasimulia yote bila kuficha, kisha akamwomba msamaha mjane mwenyewe, aliyekuwa amekaa pale mbele. Akasema amejichunguza, Mungu anamtaka, lakini si mimbarini. Akawashukuru wazee, akaketi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Leo nikikumbuka, ninamvulia kofia. Kukataa unapozomewa ni rahisi. Yeye alikataa anashangiliwa.

Mama hakusema naye majuma matatu. Watu walidhani ni hasira, kumbe ni hofu. Nadhiri aliiweka yeye, na mtoto alikuwa yule yule mmoja wa kiume. Kaka akikohoa kidogo tu, mama anaacha kumenya ndizi, anasikiliza.

Kaka naye kila kukicha alikuwa kwa mjane. Aling'oa visiki vilivyoliwa, akapasua vipande vya mgomba na kuvilaza chini viwe mtego, na asubuhi akavigeuza na kuwaokota wale wadudu mmoja mmoja, akiwatia kwenye kopo. Akapanda machipukizi safi. Hakulipwa kitu. Na akiwa kazini alikuwa akiimba tenzi kwa sauti ya chini, kijinga kidogo, hata hakujali nani anamsikia.

Asubuhi moja mama alichukua jembe akatoka bila kuaga. Nikamfuata, nikijua leo kuna neno. Alimkuta kaka amechuchumaa kwenye udongo, anaokota. Kaka akasimama, akamwamkia, shikamoo mama. Mama aliliweka jembe chini, akapiga magoti pale alipokuwa kaka, akageuza kipande cha mgomba na kuanza kuokota naye.

“Nilikukabidhi kwa Mungu, mwanangu,” alisema, akitia mdudu kwenye kopo. “Sikumpangia kazi ya kukupa.”