Nilivyopima Lutuku ya Mama

Nikisikia harufu ya mihogo iliyochacha, hata leo hapa Kasongo, hubadili njia. Nyumbani kwetu Kabambare harufu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mama alipika lutuku, pombe kali ya mihogo na mahindi, na Faida, mdogo wake wa tumbo moja, alipika yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wateja wao walikuwa wale wale, wachimbaji dhahabu walioshuka kutoka Lusangi na kiu yao.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu mwalimu wa kemia aliponipa kijitabu cha vikaratasi vya buluu. Ukichovya kimoja kwenye kitu chenye asidi, kinageuka chekundu. Basi nikawa mtaalamu! Nilipima ndimu, nikapima maji ya jivu, nikapima mpaka mchuzi wa bibi, naye akanifukuza jikoni kwa mwiko.

Mama mdogo Faida alinipenda sana, au ndivyo nilivyoamini. Siku moja aliniita kwake, akanipa andazi la moto, akataka nipime lutuku yake. Kikaratasi kikawa chekundu, nikamwambia ina asidi. Alikitazama kitambo, kisha akakitupa motoni.

“Usiambie mutu,” alisema. “Kesho tutapima ya mama yako.”

Kesho yake wateja walikuwa wamejaa kwetu. Mama mdogo akaingia akicheka. “Riziki, leta ile karatasi yako, watu waone masomo!” Nilikuja kifua mbele, nikachovya kwenye glasi ya mama mbele ya wote. Nyekundu. Mama mdogo akashika kichwa. “Aside! Muone, iko na aside!”

Kwetu asidi ilijulikana moja tu, ile ya betri ya pikipiki. Mmoja alitema chini, wengine wakaweka glasi na kuondoka. Nilifungua mdomo niseme kwamba yake pia ina asidi. Mama mdogo akanitazama, akatabasamu, nami nikaufunga.

Jioni vicheko vya wateja wetu vilisikika kutoka kwake. Mama hakunipiga. Aliniuliza neno moja tu: “Na ya Faida, mulipima?”

Niliona aibu. Ningesema ndiyo, angeuliza kwa nini nilinyamaza.

“Hapana, mama.”

Aliniamini. Pesa ya lutuku ilikosekana; mwaka ule sikurudi shuleni, nilikwenda naye shambani.

Baadaye nilijifunza kwamba pombe zetu zote zina asidi kidogo, uchachu tu usiomdhuru mtu. Kwa miaka mingi nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba mama mdogo alitusaliti, na hadi leo sijamsamehe. Lakini swali la mama nimelielewa nikiwa mtu mzima. Vikaratasi vilikuwa vimebaki, na wateja walikuwa nyumba ya tatu; ningesema kweli, tungeipima ya mama mdogo mbele yao. Mama alikuwa anatafuta shahidi, na hakuwa na mwingine ila mimi.