Meneja na rafiki yangu wote wanataka niseme ambacho hesabu haikusema

Admin, tafadhali ficha jina langu na la shirika. Kakuma ni ndogo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Lodwar. Nafanya kazi ya takwimu kwenye shirika moja hapa Kakuma, kwa mkataba. Wanawake wa ofisini walikuwa wakilalamika kwamba wanaume wanaofanya kazi sawa na yetu wanalipwa zaidi. Meneja akaniambia nipime kama ni kweli, lakini orodha ya mishahara akaninyima. "Hiyo ni siri ya ofisi," alisema. Ikabidi niombe karatasi za mshahara mtu kwa mtu. Wengi waliogopa. Aliyenisaidia ni Akiru, mwanamke mwenzangu wa ofisini na rafiki yangu tangu shule ya msingi. Aliwabembeleza wenzake mpaka nikapata wanawake tisa na wanaume kumi.

Wastani wa wanawake ulikuwa chini. Nilishikwa na hasira. Lakini huwezi kuishia hapo. Lazima upime kama pengo kama hilo lingeweza kutokea kwa bahati tu, kutokana na watu waliotokea kukubali kunipa karatasi zao. Nilipima mara tatu. Kwa watu wachache hivyo, jibu lilikuwa: ushahidi hautoshi. Nikaandika hivyo, na chini nikaongeza kwamba hii haimaanishi mishahara iko sawa, tupewe orodha nzima tupime upya.

Meneja alifuta maneno hayo ya chini. Akabandika ripoti ukutani ikiwa na jina langu: "Hakuna tofauti ya mishahara."

Asubuhi nilimsalimia Akiru kwa Kiturkana, "Ejok." Akanigeuzia mgongo. Baadaye akaniambia mbele ya watu, "Nilikuamini na karatasi yangu, wewe ukaenda kutuuza."

"Akiru, si mimi nimeandika vile!"

"Basi simama useme wanaume wanalipwa zaidi na umethibitisha."

Nikamwambia siwezi, bado haijathibitishwa. Alinicheka, akaenda zake.

Ijumaa natakiwa kuisoma ripoti hiyo Lodwar mbele ya wakubwa. Meneja ameshanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na mama yangu ananitegemea mimi tu. Nikisoma alivyoandika, nimedanganya. Nikisema anavyotaka Akiru, nimedanganya pia. Nikisema ukweli nilioupata, naweza kupoteza kazi na hata wanawake wenzangu wasinielewe.

Ndugu zangu, nimechoka. Mngekuwa mimi, Ijumaa mngesimama mkasema nini?